Usalama wa Mkono wa Kushoto: Kiwanja cha Kale cha St Andrews

Siku ya Jumapili, wakati viwanja vingine vya gofu duniani vimefurika wachezaji, kiwanja kilicho mashuhuri kuliko vyote hufungwa. Katika mji mdogo wa St Andrews, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, wenyeji hutoka na watoto wao, na mbwa wao, na vikapu vya chakula, wakatembea juu ya nyasi ambazo jana yake wageni walizikanyaga kwa hofu na heshima kana kwamba ni zulia la msikitini. Hakuna mlinzi wa kuwafukuza, maana ardhi ni yao. Desturi hiyo huwekwa kando mara chache tu, hasa pale mashindano makuu yaitwayo Open yanapofanyika hapo na siku yake ya mwisho ikaangukia Jumapili.

Ndugu msomaji ambaye hajapata kushika fimbo ya gofu asiufunge ukurasa huu. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: mpira mdogo, fimbo kadhaa, mashimo 18, na mshindi ni yule aliyetumia mikwaju michache kuliko wenzake. Lililo gumu ni kuamua mpira uende wapi. Na katika Kiwanja cha Kale, kama wenyeji wanavyokiita, uamuzi huo umewaliza watu wazima hadharani.

Treni haifiki tena mjini. Njia hiyo ya reli ilifungwa mwaka 1969. Mgeni hushuka kituo cha Leuchars, akapanda basi kwa mwendo mfupi, na punde tu huona minara ya makanisa ya kale, majengo ya chuo kikuu kilichoanza tangu mwaka 1413, kisha bahari, na kando ya bahari uwanda mpana usio na mti wala kilima cha haja. Wengi huvunjika moyo. Hicho ndicho kiwanja? Mbona ni kama malisho ya kondoo?

Naam, yalikuwa malisho kweli. Hati ya mwaka 1552 ilikwisha kutambua haki ya watu wa mji kucheza gofu kwenye mchanga ule, sambamba na haki nyingine za matumizi ya ardhi ya wote. Mwaka 1797 baraza la mji, lililokuwa limelemewa na madeni, liliiuza ardhi ile, na haukupita muda ikajazwa sungura waliofugwa kwa biashara. Sungura hula nyasi na kuchimba mashimo, tena si mashimo ya gofu. Ukazuka ugomvi uliotoka uwanjani ukafika mahakamani, usiishe hadi mwaka 1821, bwana mmoja mwenye shamba jirani, James Cheape, alipoinunua ardhi na kuunusuru mchezo. Mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge, mji uliirejesha mikononi mwake, na tangu mwaka 1974 husimamiwa na wadhamini kwa niaba ya umma. Sisi wa Afrika Mashariki tuliikuta gofu ndani ya ua wa mkoloni, mchezo wa Wazungu peke yao, na mwananchi akiwa mbebaji wa mfuko wa fimbo. Hivyo ni jambo la kustaajabisha kugundua kwamba katika chimbuko lake mchezo huu ulipiganiwa kama haki ya watu wote wa mji, tajiri na fukara.

Nimeeleza habari za ardhi kwa sababu ndizo zinazofafanua namna ya kukicheza kiwanja chenyewe. Hakuna mhandisi aliyeketi mezani akakichora chote. Upepo ulirundika mchanga, kondoo wakajibanza mabondeni kuukwepa, na inasemekana pale walipojibanza nyasi zilikufa, yakabaki mahandaki ya mchanga. Leo yapo 112, na mengi hayaonekani mpaka mpira wako umekwisha tumbukia.

Tena watu walikuwa wakienda hadi mwisho wa uwanda na kurudi kwa njia ile ile, wakitumia mashimo yale yale. Ndiyo maana hadi leo mashimo 14 kati ya 18 yanagawana, mawili mawili, viwanja vipana vya nyasi zilizokatwa chini kabisa, ambavyo wachezaji huviita grini. Shimo la 2 na la 16, la 3 na la 15, la 4 na la 14: jumlisha na kila mara utapata 18. Grini ya shimo la 5 na la 13 si mbali na ekari nzima. Bendera nyeupe ni za kwendea, nyekundu ni za kurudia. Ole wake aliyelenga isiyo yake.

Sasa tuingie mchezoni. Wanaokwenda na wanaorudi hupishana kama magari, ila hapa, kinyume cha barabara zetu, kila msafara hushika kulia. Kwa hiyo upande wa kulia wa mchezaji ndio wenye vichaka vya miiba, kuta na mipaka ambayo mpira ukiivuka unaadhibiwa. Upande wa kushoto ni njia ya wale wanaokuja, pana na ya wazi. Kedi yeyote mzee wa pale atamwambia mgeni: ukiwa na shaka, piga kushoto.

Ushauri huo ni wa kweli, lakini una gharama yake. Aliyekwenda kushoto hukuta kwamba kati yake na bendera kuna handaki, au tuta, au mteremko unaoukimbiza mpira. Aliyethubutu kupita kulia, ubavuni mwa hatari, ndiye hufunguliwa mlango. Basi swali la kila shimo si mpira utafika mbali kiasi gani, bali mkwaju unaofuata unataka kuupigia wapi. Mchezaji mwerevu huitazama bendera kwanza, kisha hurudi nyuma kwa mawazo hadi pale aliposimama.

Shimo la 1 lina njia pana ajabu, inayochangiwa na shimo la 18, na halina handaki hata moja. Hatari ni kijito cha Swilcan, kijito ambacho mtoto angekiruka, kinachopita mbele kabisa ya grini. Watu huogopa kwenda mbali wakapiga mkwaju wa woga, na mpira ukaishia majini. Hapa dawa ni kuchukua fimbo yenye nguvu zaidi ya ile inayodhaniwa kutosha, mpira uangukie nyuma ya bendera.

Mashimo yanayofuata hayahitaji maneno mengi: subira, na kushoto. Kuanzia la 7 hadi la 12 uwanja hujipinda mfano wa kichwa cha bakora ya mchungaji. La 9 na la 10 ni mafupi na tambarare, na hapa ndipo pa kuweka akiba, maana njia ya kurudi nyumbani ina wadai wengi. Lakini katikati ya neema hiyo limewekwa shimo la 11. Yadi 174 tu, mkwaju mmoja. Grini yake imeinamia mbele kama paa, na mbele yake yapo mahandaki mawili, Hill upande wa kushoto na Strath upande wa kulia, huku upepo wa mlango wa mto Eden ukivuma bila kizuizi. Afadhali kubaki chini ya bendera na kupandisha, kuliko kuwa juu yake na kuteremsha. Mwaka 1921 kijana wa Kimarekani wa miaka 19, Bobby Jones, aliyekuwa amekwisha haribu mashimo ya awali, aliingia kwenye handaki la Hill, akakasirika, akaokota mpira wake na kujitoa mashindanoni. Wenyeji hawakumsahau, wala yeye hakuusahau uwanja. Alirudi mwaka 1927 akashinda Open hapo hapo, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya uraia, ambayo Mmarekani wa mwisho kuipata alikuwa Benjamin Franklin mwaka 1759. Shimo la 10 leo lina jina lake.

La 12 linaonekana halina hila. Mahandaki yake yamejificha kwa sababu zamani uwanja ulichezwa pia kwa upande wa pili, toka huku kwenda kule. Mtu aliyekuja kutoka upande ule aliyaona yote. Anayelicheza leo hana budi kumwamini kedi wake kuliko macho yake.

Shimo la 14 ndilo refu kuliko yote. Katika Open hufikishwa yadi 618. Kulia kuna ukuta, kushoto kundi la mahandaki yaitwayo Ndevu, na kati yake ukanda wa nyasi tamu unaoitwa Viwanja vya Peponi. Ukifika peponi, mbele yako iko Jehanamu: handaki kubwa, refu kwenda chini kupita kimo cha mtu. Anayetaka kuivuka lazima awe na hakika ya mkono wake na ya upepo. Asiye na hakika hupiga kushoto, kwenye njia ya shimo la 5, akaizunguka kwa mkwaju mmoja wa ziada. Jack Nicklaus, aliyekuwa ameshinda Open katika uwanja huu mwaka 1970 na 1978, aliingia Jehanamu mwaka 1995, akapiga mara nne ndipo akatoka. Shimo hilo lilimgharimu mikwaju 10.

La 16 ni somo zima kwa ufupi. Katikati ya njia yamekaa mahandaki yaitwayo Pua ya Mkuu wa Chuo. Kulia, kati ya Pua na mpaka wa reli ya zamani, kuna uchochoro mwembamba. Anayeupenya hupata mkwaju mwepesi wa pili. Kushoto ni kweupe, lakini bendera huwa imejificha. Binafsi sioni kwa nini mtu asiyecheza kwa ajili ya kombe aupapatikie uchochoro ule.

Halafu Shimo la Barabara, la 17. Mpira wa kwanza hupigwa bila kuona uendako, juu ya vibanda vilivyojengwa kwa mfano wa mabohari ya reli, kukata kona ya hoteli. Grini ni nyembamba, imekaa kimshazari. Mbele yake kushoto kuna handaki dogo lenye ukuta wima, na nyuma yake barabara na ukuta wa mawe. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikwisha fika kwenye grini kwa mikwaju miwili; akausukuma mpira polepole kuelekea bendera, ukapinda, ukaingia handakini, naye akatoka humo kwa mkwaju wa nne. Aliandika 9. Mwaka 1984 Tom Watson, akitafuta Open yake ya sita, aliupiga mpira ukapita grini ukaishia barabarani karibu na ukuta. Seve Ballesteros, ambaye siku tatu za kwanza lilimzidi nguvu shimo hilo hilo, siku ya nne alilimaliza kwa mikwaju minne iliyotazamiwa, akashinda.

Shauri la wenye busara ni kuuacha mpira wa pili mbele ya grini upande wa kulia, kisha kuusukuma juu, na kuridhika hata na mikwaju 5. Mwaka 2022, akiongoza siku ya mwisho, Cameron Smith wa Australia alijikuta handaki limesimama kati yake na bendera. Hakujaribu kulirukia. Alichukua fimbo ya kusukumia, akauzungusha mpira ukingoni mwa handaki, ukapanda kwenye grini, akamaliza kwa 4. Siku ile ile Rory McIlroy alicheza kwa tahadhari isiyo na dosari: alifika kwenye grini zote 18 kwa wakati wake. Lakini alikuwa mbali na bendera mara nyingi mno, akahitaji mikwaju 36 ya kusukuma, na kombe likampita. Hiyo ndiyo gharama ya kushoto niliyoitaja.

Aliyezilipa gharama zote mbili kwa kipimo sahihi ni Tiger Woods mwaka 2000. Kwa siku nne na mashimo 72 mpira wake haukuingia handaki hata moja kati ya yale 112, akashinda kwa tofauti ya mikwaju 8. Magazeti yaliandika juu ya nguvu zake. Mimi huvutiwa zaidi na mara zote alizozizuia nguvu hizo.

Shimo la 18 lina upana wa kutosha na watu wa mji wameegemea ua wakitazama. Hatari yake ni mbonyeo ulio mbele ya grini, Bonde la Dhambi. Mpira uliopungukiwa nguvu hurudi humo. Mwaka 1970 Doug Sanders alihitaji kusukuma mpira futi tatu tu awe bingwa. Aliinama kuondoa kijani kilichokauka mbele ya mpira, akajiweka sawa, akakosa. Kesho yake Nicklaus alimshinda kwa mkwaju mmoja. Mwaka 1995 Costantino Rocca wa Italia aliupiga vibaya mpira ukabaki bondeni, kisha, kutoka humo bondeni, akausukuma futi zipatazo 60 ukaingia shimoni, naye akalala kifudifudi akipiga ardhi kwa ngumi kwa furaha, maana alikuwa amemfikia John Daly. Wakaenda kucheza mashimo manne ya kumtafuta mshindi. Kwenye la 17 mpira wa Rocca uliingia lile handaki dogo, ukamchukua mikwaju mitatu kuutoa.