Herufi Nene ya Cooper

Neno huonekana kabla ya kusomwa. Jicho likitupwa juu ya bango hupokea kwanza umbo la herufi, na umbo hilo huwa limekwisha kumwarifu mtazamaji kama anaitwa, anakaripiwa au anabembelezwa. Herufi iitwayo Cooper Black ni ya kubembeleza. Ajabu yake ni kuwa hubembeleza kwa kupaza sauti.

Ilichorwa na Oswald Cooper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1879, akajifunza kuchora herufi kwa Frederic Goudy katika mji wa Chicago, akawa fundi wa matangazo huko huko. Kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kiliisubu kwa risasi mwaka wa 1922. Wenye maduka walitaka herufi nzito itakayoonwa kwa mbali. Cooper aliwapa uzito huo, walakini aliondoa makali yote. Miguu ya herufi zake imeviringana kama mito ya kulalia. Tundu jeupe la o limeinama nyuma kidogo, mfano wa mtu mnene aliyeegemea kiti baada ya kushiba. Wino umejaa, weupe umebaki haba, na uzito ambao ungetisha umegeuka ukarimu.

Wapiga chapa walioshika desturi waliichukia, wakaiona haina adabu. Hoja yao haikuwa tupu. Ukurasa mzima ukipangwa kwa herufi hiyo, matundu ya a na e huzibana, mistari huwa kama matope, na jicho huchoka kabla ya aya kwisha. Ni herufi ya neno moja au mawili, pengine matano. Wala si kila neno huistahili: tanzia iliyopigwa chapa kwa Cooper Black ingekuwa dhihaka, na onyo juu ya chupa ya sumu lingesomeka kama karibisho. Hapo upole wake ni hatari.

Katika miaka ya 1960 na 1970 herufi zilianza kupangwa kwa picha badala ya risasi, zikaweza kusogezwa hata zigusane, jambo lililokuwa gumu kwa vipande vya madini. Cooper Black ikapata ujana wa pili. Jalada la santuri ya Beach Boys, Pet Sounds, ya mwaka wa 1966, lina herufi hizo zimebanana kama abiria. Tangu hapo wachoraji wakitaka kuamsha kumbukumbu za siku zile huikimbilia, na watazamaji wengi hudhani ilizaliwa wakati huo. Shirika la ndege la easyJet, lililoanzishwa mwaka wa 1995 kwa safari za bei nafuu, liliandika jina lake kwa herufi hiyo pamoja na rangi ya chungwa. Tiketi ikaonekana rahisi kama peremende.

Cooper hakuyaona hayo. Alifariki mwaka wa 1940. Kabla ya herufi yake nene alikuwa amechora nyingine, Cooper Old Style, nyepesi na tulivu, iliyoweza kubeba kitabu kizima. Hiyo leo huulizwa na wachache.