Kibanda cha Tatu

Watu wengi huanza kutafuta nasaba yao kwa fahari. Mimi niliianza kazi hiyo kwa kutumwa. Binti wa ndugu yangu alikuwa ameposwa na kijana wa ng'ambo ya mto Usa, mwenye adabu na kazi yake mjini Arusha, na jina la ukoo wa kijana huyo lilikuwa ndilo jina letu. Kwetu sisi Wameru jambo hili si dogo. Ukoo ndio jina la mwisho la mtu, na wote walio wa ukoo mmoja huhesabiwa ndugu, ijapokuwa nyumba zao zimeachana tangu zama ambazo hapana awezaye kuzihesabu. Mshili, ndiye mkuu wa ukoo, alipopata habari aliizuia posa.

Walakini palikuwa na mnong'ono katika nyumba yetu, mkongwe kuliko mimi, kwamba babu hakuzaliwa katika ukoo huu, bali aliletwa mgongoni mwa mama yake kutoka mbugani mwaka wa njaa. Kama mnong'ono huo ni kweli, basi posa haikuwa na kizuizi cha damu. Ndugu yangu alinijia jioni moja akaketi kitambo bila kusema. Kisha akaniambia, "Kaka, wewe umefundisha historia miaka thelathini. Historia ya watu wote waijua. Tutafutie na babu yetu alikuwa nani."

Msomaji aniwie radhi nisipoutaja ukoo wenyewe. Wahusika wengi wangali hai, na wengine ni majirani zangu.

Usiku ule usingizi haukunijia. Kihamba ninacholima, pamoja na migomba na kahawa yake, kimetufikia kutoka kwa babu kwa haki ya ukoo. Kumthibitisha babu kuwa mgeni kwa ajili ya arusi ni kumthibitisha kuwa mgeni kwa ajili ya ardhi pia. Na mlimani petu, ambako mashamba yamegawanywa hata yakawa mfano wa vitambaa, sikukosa jamaa ambao wangeipokea habari hiyo kwa furaha. Niliona kuwa natumwa kuchimba chini ya nyumba niliyolala.

Nilipata zamani kusoma namna Wamarekani wafuatavyo nyayo za wazee wao waliohamia mipaka ya magharibi ya nchi yao. Wao huanza na hati za ardhi, wosia, na daftari za kanisa, kisha huingia katika hesabu ya watu, ambayo serikali yao iliianza mwaka 1790. Lakini hata hesabu hiyo, tangu 1790 hata 1840, iliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake. Mke na watoto walikuwa tarakimu. Majina ya watu huru wote yaliandikwa kuanzia 1850. Waliokuwa watumwa walingoja mpaka 1870. Niliposoma habari hizi nilizihesabu kuwa mambo ya mbali. Sikujua kuwa ipo siku nitashika karatasi ya namna hiyo mkononi, nikitafuta mtu wangu ndani ya tarakimu.

Sisi wa Meru tuliingia katika maandishi kwa mlango wa vita. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Kapteni Johannes akaja na majeshi kulipiza kisasi. Mwaka 1900 ngome ya Wajerumani ilisimama Arusha, kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru. Ngome hiyo sasa ni makumbusho, nami hupita mbele yake kila niendapo sokoni. Aliyeandika habari za siku hizo aliandika idadi ya ng'ombe waliotekwa na migomba iliyokatwa. Majina ya wenye ng'ombe na migomba hayakumhusu.

Kwa hiyo sikuanza na kumbukumbu za serikali. Nilianza na sanduku la bati la babu, ambalo lina kisa chake. Babu aliondoka mlimani angali kijana, akaenda kulisha mifugo Engare Nanyuki, upande wa kaskazini unaotazama mbuga. Huko walimkuta waliomkuta. Tangu mwaka 1904 Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamepewa nchi pande hizo, na mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kama pete. Novemba na Desemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wa Engare Nanyuki ili nchi yao iwe ya mifugo ya Wazungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akayasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika habari za kesi ile hutajwa watu wapatao 3,000. Babu yangu yumo ndani ya elfu tatu hizo, bila jina. Sanduku lake liliokolewa na shangazi yangu, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na miwili, akalitoa moshini kabla ya kutoa nguo zake mwenyewe.

Ndani ya sanduku nilikuta stakabadhi za kodi, zilizofungwa kwa uzi wa katani. Kodi ya vibanda ililetwa na Wajerumani kwa amri ya mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza. Stakabadhi za babu za miaka ya 1930 zasema neno moja kila mwaka: jina lake, jina la ukoo, vibanda vitatu. Nilizitazama siku nyingi bila kuona lililo ndani yake. Babu alikuwa na wake wawili, na kila mke alikuwa na kibanda chake. Cha tatu kilikuwa cha nani?

Niliweka swali hilo kando nikaenda kanisani. Katika usharika mmoja wa zamani mlimani nilifunguliwa daftari la ubatizo, lililoandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao mchungaji mmoja mstaafu alinisaidia kuusoma. Babu alibatizwa mwaka 1913. Mahali pa baba pana jina la mzee wa ukoo wetu, limeandikwa wazi kabisa. Mahali pa mama hapana jina. Pana neno moja tu, lenye maana ya mtu asiyebatizwa. Nilikiri moyoni kwamba nilifurahi. Kihamba changu kilikuwa kimepona, na binti yetu alikuwa amekosa mume, kwa ushahidi wa wino.

Pengine ningaliishia hapo, lakini furaha ile iliniaibisha. Nikaenda Nkoaranga kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma, au umekuja mwenyewe?"

Nikamweleza yote, nikamwonyesha stakabadhi. Hajui kusoma, lakini aliigusa tarakimu kwa kidole baada ya kuonyeshwa, akacheka kidogo. "Kibanda cha tatu nilikuwa nalala mimi," akasema. "Kilikuwa cha mama yake baba."

Kumbe serikali ilikuwa imemwandika, miaka kumi mfululizo, na kumtoza mwanawe shilingi kwa ajili yake, bila kupata kumwita kwa jina. Shangazi alimjua akiwa mzee sana, mwenye masikio yaliyotobolewa na kurefushwa, aliyesema Kimeru cha kukokota na kunong'ona Kimasai usingizini. Alikuwa mke wa mtu katika mbuga za kaskazini. Ng'ombe walikufa wote, kisha mume, kisha watoto wawili. Akaupanda mlima na mtoto mmoja mgongoni, akabisha mlango wa kwanza aliouona moshi wake.

Nilirudi kwa karatasi zangu kupima maneno hayo. Babu alikuwa wa rika la Tareto, ambalo vijana wake walianza kutahiriwa karibu na mwaka 1911, wakiwa watu wazima. Hivyo yeye alizaliwa karibu na 1889 au 1890. Sotoka iliingia Umasaini mwaka 1890 na 1891 ikamaliza ng'ombe, na ndui ikafuata kumaliza watu. Msafiri Oscar Baumann alipopita Ngorongoro Machi 1892 alikuta Wamasai waliobaki mifupa na ngozi. Wengi walikimbilia kwa wakulima wa Arusha na Meru, ambao migomba yao haikuguswa na sotoka. Maneno ya shangazi na miaka ya vitabuni vilikutana kama viganja viwili. Tena nilielewa kwa nini babu, kati ya nchi zote, alikwenda kuishi Engare Nanyuki. Alimrudisha mama yake mahali awezapo kuiona mbuga. Huko ndiko alikozikwa mama huyo, miaka miwili kabla ya nyumba kuchomwa.

Mshili aliita kikao chini ya mringaringa. Nilisimama nikasema yote, la daftari na la shangazi, wala sikuficha lililonidhuru. Shangazi aliletwa kwa gari, akakalishwa kitini. Nilipomaliza, mzee mmoja, jamaa yangu wa karibu katika mipaka ya shamba, alisema, "Basi huyu si wetu." Mshili hakumjibu. Alimgeukia shangazi akamuuliza ni nini kilichofanywa siku mtoto yule alipopokewa. Shangazi akasema kondoo alichinjwa, na ukanda wa ngozi yake mtoto akavishwa mkononi na mzee wa nyumba. Alikuwa amesimuliwa hayo na mama wa mtoto mwenyewe, kibandani, mara nyingi.

Mshili akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Mwalimu, aliyevishwa ngozi na baba hana baba mwingine. Shamba ni lako. Na binti hawezi kuolewa na ndugu yake. Hamwezi kuwa wageni siku ya arusi mkawa wenyeji siku ya kugawa ardhi."

Sikuwa na jibu, maana alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa imenipa mimi kila kitu na kumnyang'anya mtoto wetu. Yeye alikuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake. Aliinuka bila kuomba ruhusa, akamwendea shangazi, akamuuliza kwa sauti ya kusikika, "Nyanya, yule mama aliitwa nani?" Shangazi akamtajia. Lilikuwa jina la Kimasai. Wengi pale walikuwa hawajapata kulisikia. Nimeliandika katika daftari langu la nasaba, juu ya jina la babu, mahali ambapo kanisa liliacha wazi.

Miezi minne baadaye walifunga ndoa bomani Arusha, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haiulizi ukoo. Walihitaji mashahidi. Nilikwenda nikatia sahihi. Ndugu yangu alikuwapo, na shangazi alikuwapo. Wazee wa ukoo hawakuja hata mmoja, na mshili hajanitajia jambo hilo mpaka leo, kwa wema wala kwa ubaya. Mwezi uliopita mjumbe wake alinipitia kuchukua mchango wa ukoo, kama kila mwaka. Nimeulipa, na stakabadhi nimeitia katika sanduku la babu.