Fataki kwenye Kopo la Kimbo

Jioni moja mwaka jana nilikaa na wazee pale Nkwenda, Kyerwa, rubisi katikati yetu, maongezi yakaangukia bunduki. Mnunuzi mmoja wa kahawa, mwenye bastola ya kibali, aliisifia yake kama mtu anavyosifia ng'ombe: nyepesi, haikwami, inakaa kiunoni na hakuna anayejua. Usiku anailalia, risasi ziko kwenye sanduku la chuma, ufunguo shingoni. Mwanajeshi mstaafu akacheka. Yeye alivuka mto Kagera kwenye vita ya Amin, 1979, na kwake hakuna kama SMG. "Ile hata ukiichomoa kwenye matope inalia!" Mwingine akalitetea gobore.

Baba alinyamaza. Nilijua anawaza nini.

Nasi tulikuwa na gobore, kazi ya mhunzi, halina kibali. Lilining'inia juu ya kitanda cha baba. Baruti ilikaa kwenye pembe ya ng'ombe, mbali na jiko. Goroli zilikuwa kwenye soksi kuukuu. Lakini fataki, vile vikofia ambavyo bila hivyo gobore ni bomba tu, alizitunza mama. Alipoziweka hakuna aliyejua.

Msimu mmoja wa kahawa, miaka ile ambayo mabasi yalipita misitu ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi, mbwa walibweka usiku. Mlango ukasukumwa. Baba akashindilia baruti na goroli, akanong'ona, "Mama watoto, fataki!" Mama akapapasa gizani, akachelewa. Baba akamtukana, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Halafu tukasikia kikohozi nje. Alikuwa kaka yangu. Kumbe karudishwa ada kutoka shuleni Kayanga, katembea hadi usiku, na aliogopa kubisha hodi.

Kama mama alichelewa kwa makusudi, sijui. Hatukumuuliza.

Julai 2013 Rais Kikwete alitoa wiki mbili kwa wenye silaha haramu mkoani Kagera kuzisalimisha. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Kabla ya hapo baba alikuwa ameshalifunga gobore kwenye gunia na kulipeleka ofisi ya kijiji. Mama alimfuata nyuma na kopo la Kimbo. Miaka yote lilikuwa chini ya maharage ya mbegu.

"Na wewe mzee mwenzetu," wakamgeukia baba pale Nkwenda, "yako ilikuwa ipi?"

Akanywa kwanza. "Ile iliyokataa kulia," akasema. Wakacheka, wakadhani ni utani. Akaongeza taratibu, "Nilimtukana mama yao usiku ule. Sikuwahi kumwomba radhi."

Mama tulimzika miaka minne iliyopita.

Tangu jioni ile, mtu akinisifia bunduki yake siulizi ni ya aina gani. Namuuliza risasi anaweka wapi, na ni nani ndani ya nyumba anayeweza kumchelewesha.