Nenosiri la daftari la maharusi

Mara nyingi mnatuuliza habari za singo, na kwa ufupi jibu ni hili: karafuu na mdalasini twanunua kwa wakulima wa Kinole na Matombo, huku kwenye miteremko ya Uluguru, ila asmini na mlangilangi bado twaletewa kutoka Unguja. Sisi wa visiwani tulioolewa Morogoro kuna vitu hatuviachi. Leo tuna habari ya daftari letu la maharusi, ambalo siku hizi limo ndani ya kompyuta.

Humo mna majina, namba za simu, vipimo vya nguo na tarehe za nikaha. Mna picha pia. Bibi harusi hutuletea picha zake akiwa hana mtandio ili tujue nywele na hina vitamkaa vipi, na hatuzitoi kwa yeyote, hata kwa wifi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, lakini hata isingekuwepo, amana ni amana.

Binti aliyekuwa akitutunzia mfumo naye akaolewa, mashallah, akamfuata mumewe Muscat. Kabla ya kuondoka alituambia mwenyewe: "Badilisheni nenosiri la kanzidata, nisibaki na ufunguo wa nyumba nisiyolala." Hakuna aliyemshuku. Anayehama hurudisha ufunguo.

Hapo ndipo penye mtego, na ndicho kilichotufanya tuandike. Mfumo wetu unaendeshwa kwa Docker, yaani kila huduma iko ndani ya kontena lake: tovuti kontena moja, kanzidata ya PostgreSQL kontena jingine. Kontena ni kama pakacha, likichakaa unalitupa na kusuka jipya. Data zenyewe hazikai humo. Zinakaa pembeni, kwenye hifadhi iitwayo voliumu, mfano wa dhahabu iliyofungiwa kashani.

Wengi hudhani ukiandika nenosiri jipya kwenye faili la mipangilio, pale penye POSTGRES_PASSWORD, kisha ukawasha upya, basi limebadilika. Halibadiliki. Mstari ule hutumika siku ya kwanza tu, kanzidata inapoanzishwa na kasha likiwa tupu. Tangu siku hiyo nenosiri limo ndani ya kasha lenyewe, na uwashe mara mia, la zamani ndilo litakalofungua. MariaDB nayo ni hivyo hivyo. Matokeo yake ni kinyume cha ulichokitaka: tovuti yako inabisha hodi na nenosiri jipya inakataliwa, na aliye na la zamani bado anakubaliwa.

Ukitafuta msaada utaambiwa ufute voliumu uanze upya. Jamani! Nenosiri jipya litakubali, ndiyo, kwenye kasha lisilo na kitu.

Sisi tulianza kwa kutoa nakala ya data zote kwa pg_dump, tukaiweka mahali pengine. Kisha tukaingia kwenye PostgreSQL yenyewe na kubadili kwa amri ya \password. Ipo pia ALTER USER, lakini ukiiandika kwa mkono nenosiri lako hubaki wazi kwenye kumbukumbu ya amri, kila apitaye alisome. Baada ya hapo tukaandika lile lile kwenye faili, tukatumia docker compose up -d, kwa sababu docker compose restart haisomi mabadiliko ya faili.

Haya mawili yafanywe siku moja. Ukibadili ndani ya kanzidata ukaacha faili, tovuti huweza kuendelea vizuri tu kwa miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, nawe ukalala usingizi. Huku kwetu masika ukungu hushuka Bondwa hata minara ya kileleni isionekane, na umeme ukikatika usiku, ukirudi kila kitu kinaanza upya. Hapo ndipo tovuti inakataliwa, na pengine ni usiku wa kuamkia harusi.

Na kujaribu nako kuna hila. Ukijaribu kutoka ndani ya kontena la kanzidata, picha rasmi ya PostgreSQL kwa kawaida haiulizi nenosiri kabisa, kwa hiyo lolote utaona linakubali. Tulijaribu kutoka kontena la tovuti. Jipya likapita. La zamani likakataliwa, na tulifurahi kuona kukataliwa kuliko tulivyofurahi kuona kukubaliwa.

Sasa wanalijua wawili tu kati yetu. Halikuwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Limeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, chini ya kanga za mmoja wetu. Ijumaa tunampokea bibi harusi mwingine, na picha zake ameshatuma.