Mkufu Uliokatika

Mwaka 2004 wilaya ya Mbinga ilianzia milima ya Wamatengo, penye mibuni na mashimo ya ngoro, ikateremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Mbamba Bay na Liuli zilikuwa zake bado. Mwaka huo Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mojawapo ilikuwa zidovudini, maarufu kwa jina la AZT, na ni wachache walioimeza wakijua kuwa ndani yake mna azidi: naitrojeni tatu zilizoshikana mstari mmoja.

Azidi ina hasira. Tangu Peter Griess alipounda azidi ya kwanza ya kikaboni mwaka 1864, wakemia huiendea kwa adabu, maana baadhi yake zikigongwa au zikipashwa moto hulipuka na kutoa gesi ya naitrojeni. Hata hivyo huitafuta, kwani kwayo hupachika naitrojeni katika molekuli, au huunga molekuli mbili zikawa moja.

Katika AZT azidi hailipui kitu. Mpenzi wa mashairi na aukumbuke mkufu, ambamo neno linalofunga ubeti ndilo linalofungua ubeti ufuatao. Virusi navyo hujinakili hivyo, herufi ikishika herufi. AZT yafanana na thimidini, mojawapo ya herufi hizo. Kimeng'enya cha kirusi hudanganyika, kikaipachika. Kumbe pale palipopaswa kuwa na kiungo cha kushikia herufi ifuatayo, pamekaa azidi. Mkufu hukatika hapo.

Jerome Horwitz aliiunda AZT Marekani mwaka 1964, akitafuta dawa ya saratani. Haikufaa, ikawekwa kando. Mwaka 1987 ikaidhinishwa huko, dawa ya kwanza ya UKIMWI. Mwaka 1994 ikathibitika kwamba hupunguza kwa takriban theluthi mbili maambukizi ya mama kwa mtoto. Tanzania ilikuwa imetambua wagonjwa wake wa kwanza, kule Kagera, tangu 1983. Kati ya idhini ile na dawa ya bure imo miaka 17: muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua, na kuwazika wazazi wake wote wawili.

Leo watu wazima wengi hupewa dawa nyingine. Lakini kuna mama aliyepanda milima kutoka ziwani, akameza kidonge kwa saa yake, akajifungua mwana asiye na virusi. Ubeti wa maradhi uliishia kwake. Mwana akaanza wake.