Kura Yetu ya Kwanza

Ukitaja neno uchaguzi mbele ya wazee wa Nyarugusu, wengi hunyamaza kwanza. Kambi yetu, iliyopo wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Nasi tulikuwamo, watoto wadogo tulioshikwa mkono na mama kutoka Fizi. Hapa tumekulia, hapa tumeoa, na kwa fadhila za Allah tulipata nafasi ya kusoma chuo cha Kiislamu, tukarejea kuwa katibu wa kamati ya msikiti.

Hata hivyo, tulitimiza miaka 30 bila kushika karatasi ya kura. Kongo ilipofanya uchaguzi tarehe 30 Julai 2006, wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40, sisi tuliusikia redioni. Desemba 2023 Wakongo walio ng'ambo waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, lakini katika nchi 5 tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Tanzania haikuwamo. Na jirani zetu wa Makere wanapochagua viongozi wao, sisi hatumo, kwani mgeni hamchagulii mwenyeji wake.

Kwa hiyo kura yetu ya kwanza maishani tuliipigia msikitini.

Zamani kamati iliteuliwa na wazee kwa mashauriano baada ya swala ya Ijumaa. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Burundi ilichafuka, na maelfu ya Warundi wakaletwa Nyarugusu. Waislamu miongoni mwao wakajiunga na safu zetu. Msikiti ukajaa, na manung'uniko nayo yakaongezeka: kwa nini viongozi wote wawe Wabembe? Wazee, kwa nia njema, wakaamua kwamba mwenyekiti ajaye apatikane kwa kura ya siri.

Walisimama wawili. Mmoja alikuwa Mbembe mwenzetu, hodari wa kusema, lakini alfajiri hakuonekana mara nyingi. Wa pili alikuwa fundi cherehani kutoka Buyenzi, mtaa wa Waislamu wazungumzao Kiswahili mjini Bujumbura. Huyu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Maiti asiye na ndugu aliingia kumwosha yeye, na paa lilipovuja alipanda yeye.

Usiku wa kuamkia uchaguzi walikuja nyumbani kwetu watu wanne wa kabila letu. Hawakukaa sana. "Katibu, uongozi usitoke nyumbani," walisema. Tulitikisa kichwa kukubali. Asubuhi tulikata karatasi kutoka daftari la shule, tukazigawa, na ya kwetu tukaandika jina la mtu wa nyumbani.

Tulipohesabu, tulipata kura 62 kwa 43. Kama katibu tulikuwa na daftari la waumini, na tulijua kwamba wanaume Wakongo waliohudhuria walikuwa 61 na Warundi 44. Hatukuwa tumefanya uchaguzi siku ile. Tulikuwa tumefanya sensa. Kura moja tu ndiyo iliyovuka mstari. Mpaka leo hatujui ilikuwa ya nani, wala hatujauliza, maana kura ni siri. Tunalolijua ni kwamba haikuwa yetu.

Jioni mama alitaka kujua tulivyochagua. Tulimweleza yote bila kuficha, tukidhani angefurahi kwamba mtu wa kwao ameshinda. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilivuka ziwa usiku nikiwakimbia watu waliokuwa wakiuliza swali moja tu: wewe ni wa wapi? Leo umeliuliza wewe, tena ndani ya msikiti."

Hatukupata la kujibu. Na tulipozidi kufikiri, jina la Buyenzi ndilo lililotuuma zaidi. Warundi walimchagua Melchior Ndadaye tarehe 1 Juni 1993, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo akauawa. Katika vita vilivyofuata, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Buyenzi ulibaki mtaa wa watu wote. Mtu aliyetoka mahali palipokataa kugawanyika alikuja kwetu, nasi tukampima kwa kabila.

Ujinga haukuwa udhuru wetu. Chuoni tulifundishwa kwamba kura ni ushahidi: unashuhudia mbele ya Allah kwamba huyu anafaa kuliko yule. Na Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tuwe waadilifu katika ushahidi hata unapokuwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Tulisoma pia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa, aliwaachia watu sita kazi ya kumpata khalifa, na katika siku zile tatu akaamuru Suhayb (r.a.) aswalishe. Suhayb alilelewa Rumi na kufikishwa Makka akiwa mtumwa. Hakuwa na ukoo wa kumtetea Madina. Wakubwa wa Kikuraishi walishauriana nani awatawale, huku wakiswali nyuma ya mgeni. Tuliyajua haya yote tulipoandika lile jina.

Yule fundi alfajiri iliyofuata alikuwa safu ya kwanza, kama kawaida yake. Lakini baadhi ya Warundi wakaanza kuswali kwenye vibanda vyao, na watoto wao wakapungua madrasa. Baadaye fundi alijiandikisha kurejea Burundi. Usiku wa mwisho kabla ya msafara tulikwenda kumsaidia kufunga cherehani yake, ndipo tukamweleza tulivyofanya na kumwomba msamaha.

"Ustadhi, mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini mimi naondoka. Wenzangu wanabaki, nao ni waumini wenu."

Tunaandika haya kwa kuwa muda wa kamati yetu unamalizika mwezi ujao, na kwa kuwa zipo familia nyingi zinazosoma ukurasa huu ambazo nazo zitachagua, ama msikitini, ama kijijini, ama taifa zima. Wazee wamekubali mambo mawili tuliyowaomba. Kwanza, kila mgombea atatajwa kwa kazi aliyoifanya msikitini, na nafasi ya kabila katika daftari la waumini tumeifuta. Pili, kina mama watapiga kura. Safari ile tuliwasahau kabisa.

Watu walewale wamekwisha kubisha hodi tena. Safari hii tuliwakaribisha chai, tukawaambia kwamba jibu letu tutalitoa kwenye karatasi.

Mama naye atapiga kura yake ya kwanza. Tulipomuuliza atampa nani, alitukumbusha kwamba kura ni siri. Aliomba tu tumsomee majina polepole, pamoja na kazi za kila mmoja, naye atachagua.

Wabillahi tawfiq.