KUOMBA LIFTI KWA MADEREVA WA KICHINA

Mtu asafiriye kwa kuomba lifti hana tiketi wala ratiba. Safari yake yote imo katika ridhaa ya mtu mmoja, naye ni dereva. Katika nchi yake mwenyewe jambo hilo si gumu sana, kwa kuwa lugha anaijua, na anajua ya kwamba dereva wa lori hupenda kupata mtu wa kuzungumza naye ili usingizi usimchukue. Lakini mgeni asimamaye kando ya barabara ya Uchina, hali Kichina chake ni maneno ishirini ya kubahatisha, ana kazi nyingine kabisa. Hana budi kumweleza mtu asiyemjua, kwa muda wa dakika moja tu, kwamba hakupotea, haumwi, hatoroki, wala hana njaa, ila anataka kuchukuliwa.

Taabu ya kwanza huletwa na kidole gumba. Huko Ulaya na Marekani aombaye lifti hukiinua kidole hicho, na kila dereva huelewa. Uchina kidole gumba kikiinuliwa ni sifa, yaani mtu anaambiwa kwamba amefanya vyema. Basi mgeni husimama juani na kidole chake juu, na madereva hupita wakicheka, wengine wakimrudishia kidole kwa adabu, wala hakuna apunguzaye mwendo. Wenyeji wa vijijini hunyosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, wakaupunga polepole. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa ishara hiyo, maana ndiyo isimamishayo mabasi kuanzia Kampala hadi Mwanza, na huenda hapo akawa na nafuu kuliko Mzungu.

Taabu ya pili ni jina la jambo lenyewe. Wachina huliita gari la lifti "shunfeng che", maana yake gari la upepo mwema, kama vile jahazi lisukumwavyo na upepo utokao nyuma. Ni jina zuri, ila siku hizi limekwisha kuingia katika biashara. Watu huitana kwa simu, wenye safari moja wakachangia gari, na abiria hulipa. Kwa hiyo mgeni akilitamka neno hilo, dereva humtajia bei. Naye mgeni, akitaka kueleza kwamba halipi, husema "mei you qian", yaani sina pesa. Hapo mambo huharibika zaidi, kwani dereva mwenye huruma hutoa noti mfukoni akampa, ama humpeleka moja kwa moja mpaka kituo cha mabasi na kumkatia tiketi. Wageni wengi wamejikuta wameshushwa kituoni hapo, wakishukuru kwa midomo na huku mioyo imevunjika, huku dereva akiondoka na furaha ya mtu aliyemwokoa aliyepotea.

Walio wazoefu huandika jina la mji waendako juu ya kipande cha boksi, kwa herufi kubwa za Kichina. Faida yake ni kubwa kuliko mtu adhaniavyo. Matamshi ya Kichina hutofautiana sana toka jimbo hadi jimbo, lakini maandishi ni yale yale, na dereva wa Sichuan ambaye hakielewi Kichina cha vitabuni kinywani mwa mgeni atalisoma boksi bila shida. Kinywa hakiaminiki, maana katika lugha hiyo sauti ikipanda au ikishuka neno hugeuka. "Mai" ya namna moja ni kununua, na ya namna nyingine ni kuuza. Hata vidole vina lugha yao: Mchina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, na kidole gumba pamoja na cha shahada vikinyoshwa ni nane. Dereva akionyesha hivyo kwamba wataondoka saa nane kwa hesabu ya Kichina, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi, mgeni huweza kuelewa saa mbili za Kichina, yaani saa nane za mchana. Akirudi wakati huo akiwa amekwisha kula na kupumzika, atakuta alama za magurudumu tu.

Njia inayopendwa kuliko zote ni ile iitwayo 318, ambayo huanzia Shanghai ikaishia mpakani mwa Nepal, zaidi ya kilomita 5,000. Barabara ya kutoka Chengdu kwenda Lhasa ilijengwa na askari na vibarua, ikafika Lhasa mwezi wa Desemba 1954, na wengi walipoteza maisha yao katika kuipasua milima ile. Wakipita Luding, madereva hupenda kuonyesha daraja la minyororo kumi na mitatu juu ya mto Dadu, ambalo Jeshi Jekundu liliteka tarehe 29 Mei 1935. Tangu mwisho wa mwaka 2018 ipo pia barabara ya mwendo wa kasi mpaka Kangding, lakini kwa aombaye lifti hiyo ni njia ya shida. Sheria hairuhusu mtu wa miguu kukanyaga barabara za namna hiyo, basi hana budi kungoja kabla ya kituo cha ushuru wa barabara, ama katika vituo vya mapumziko palipo na petroli na vyakula.

Chengdu i mahali penye mita 500 tu juu ya bahari. Baada ya Kangding gari hupanda kona kwa kona mpaka kilele cha Zheduo, chenye mita 4,298. Kichwa humuuma abiria, pumzi hupungua, na yule aliyekuwa akijitahidi kuzungumza hunyamaza. Dereva hufungua chupa yake ya maji ya moto, kwa kuwa Mchina hasafiri bila maji ya moto, akamnywesha. Wakifika chini kwenye duka la chakula humwuliza kama amekula. Kwa Wachina swali hilo ni salamu pia, lakini mgeni asiyejua hujibu kweli kwamba bado, na meza hujaa. Wakati wa kulipa huzuka vita vya kweli mbele ya kaunta, na mgeni hushindwa kila siku, kwa kuwa mwenye duka huwa upande wa mwenyeji.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Aombaye lifti hudhani kwamba deni lake ni petroli na sahani ya mchele. Sivyo, maana petroli ingeteketea vile vile. Sheria ya madai ya Uchina, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inasema kwamba abiria aliyechukuliwa bure akiumia katika ajali iliyosababishwa na dereva, dereva hulipa, ingawa fidia hupunguzwa endapo hakukusudia wala hakuwa mzembe kupita kiasi. Maana yake ni kwamba mtu atendaye wema huweka mali ya watoto wake rehani kwa ajili ya asiyemjua hata jina. Kadhalika woga uko pande zote mbili. Mwaka 2018, mwezi wa Mei na tena mwezi wa Agosti, wanawake vijana wawili waliuawa na madereva waliowapata kwa simu katika huduma ya kuchangia magari, na huduma hiyo ikasimamishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwanamke asafiriye peke yake anayo haki ya kuiacha milango kumi ifungwe kabla ya kuingia mmoja.

Tena kuna polisi. Dereva akimkaribisha mgeni alale nyumbani kwake, sheria inataka mgeni huyo aandikishwe katika kituo cha polisi kabla ya saa ishirini na nne kupita. Mwenyeji aliyechoka kwa safari ya siku nzima huvaa tena viatu vyake, akaenda kukaa kwenye benchi la kituo akingojea pasi ya mtu mwingine isomwe. Mgeni atalipaje hayo? Hana hadithi za kusimulia njiani, maana lugha hana. Analoweza ni kujibu maswali yale yale ambayo sasa simu huyatafsiri: ana umri gani, ameoa, mshahara wake ni kiasi gani, wazazi wake wazima? Wengine huchoshwa na maswali hayo na kujifanya wamelala. Huo ni utovu wa adabu, kwa sababu majibu hayo ndiyo nauli pekee aliyonayo, na dereva atayapeleka kwa mkewe jioni.

Baada ya Litang barabara hushuka mpaka Batang, kiasi cha kilomita 800 toka Chengdu, na mbele yake uko mto Jinsha, ambao chini zaidi huitwa Yangtze. Ng'ambo ya daraja ni Tibet, nako mgeni haruhusiwi kuingia bila kibali na mwongozaji aliyepangwa na shirika la utalii. Dereva anaendelea Lhasa, na abiria wake hana budi kushuka. Wachina humwaga msafiri kwa kumwambia "yi lu shun feng", upepo mwema njia nzima, na mara hii anayebaki ndiye anayepaswa kulisema. Hulitamka, sauti ikapanda mahali pa kushuka. Dereva huzima injini, akamrudishia neno kwa neno mpaka litoke sawasawa, kisha humpa matofaa mawili dirishani na kuondoka.